Kutafuta Kazi Ukiwa Mtendaji wa Ngazi ya Juu Dar es Salaam: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Meneja wa ngazi ya juu anayetafuta kazi mpya Dar es Salaam anaingia kwenye soko lenye tabia yake. Nafasi ni chache, wanaoamua ni wachache, na karibu wote wanafahamiana: mwenyekiti wa bodi ya benki alisoma na mjumbe wa bodi ya kampuni ya bima, mwanasheria wa kampuni ya tatu alianza kazi chini yao, na jina lililotajwa Posta asubuhi linaweza kuwa limeshazungumzwa Masaki kabla ya jua kuzama. Kwa sababu hiyo, njia aliyoitumia mtu huyo alipokuwa ofisa kijana, yaani kusubiri tangazo, kutuma maombi na kumwomba Mungu, haimfikishi mbali tena. Nafasi nyingi za ukurugenzi huanza kujadiliwa muda mrefu kabla ya tangazo kutoka, na swali linalojadiliwa ni moja: nani anaiweza kazi hii, na nani anamjua vizuri? Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya swali hilo. Lengo lake ni kwamba jina lako likitajwa mahali ambapo haupo, aliyelitaja aweze kueleza kwa usahihi kazi unayoiweza.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako na upange fedha kabla hujamwambia mtu

Toa mkataba wako wa sasa kwenye faili na uusome wote, pamoja na barua zote za nyongeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, lakini mikataba mingi ya watendaji hudai miezi mitatu, na ni aibu kumwambia mwajiri mpya kwamba utaanza mwezi ujao kisha ukagundua kwamba huwezi. Angalia pia vifungu vinavyokuzuia kufanya kazi kwa mshindani, kuwachukua wateja au kuwavuta wafanyakazi wenzako. Kama kuna kifungu kizito, lipa saa moja ya wakili sasa hivi badala ya kusubiri siku ya kusaini ofa.

Kisha kaa na mwenzi wako mpige hesabu. Jambo linalowakwamisha watendaji wengi wa mjini hapa ni mkopo wa nyumba waliouchukua kwa riba nafuu ya wafanyakazi: ukiondoka, kwa kawaida salio hudaiwa lote au mkopo hugeuzwa kuwa wa riba ya kibiashara, na marejesho ya mwezi hupanda siku hiyo hiyo. Gari ni la kampuni, bima ya afya ya familia inakoma, na ada ya shule inadaiwa kwa muhula bila kujali kama mshahara umeingia. Jiandae kwa utafutaji wa miezi sita hadi mwaka mzima. Mwenye akiba ya kutosha ana uwezo wa kuikataa kazi mbaya, na uwezo huo ndio unaoonekana usoni anapokaa mbele ya bodi.

Kwa aliye kwenye shinikizo la kuondoka, neno la tahadhari. Ukiombwa kujiuzulu, usisaini siku hiyo hiyo. Aliyejiuzulu kwa hiari hana haki sawa na aliyeachishwa kazi: fao la kukosa ajira la NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), kwa mfano, si la aliyeacha kazi mwenyewe, na mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Maneno ya barua ya kuondoka yatakufuata kwenye usaili, hivyo jadiliana nayo kwa makini kama unavyojadiliana fedha.

Hatua ya 2: Andika kazi uliyoifanya, si cheo ulichokuwa nacho

Hapa ndipo watu wazima wenye uzoefu mkubwa wanapojidhulumu. Wasifu wa mkurugenzi mara nyingi ni orodha ya majukumu iliyonakiliwa kutoka kwenye maelezo ya kazi yake, na maelezo hayo yangemfaa mtu yeyote aliyewahi kukalia kiti hicho. Chukua mstari kama huu: “Nilihusika na usimamizi wa idara ya mikopo na kuhakikisha malengo ya benki yanafikiwa.” Msomaji hajui idara ilikuwa na ukubwa gani, ilikuwa na hali gani, wala kama malengo yalifikiwa. Sasa tuchukulie kwamba mtu huyo huyo ameandika hivi: “Nilipokea idara ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo ikiwa na mikopo chechefu asilimia 14. Ndani ya miezi 30 ilishuka hadi asilimia 5, baada ya kuhamisha uamuzi wa mikopo midogo kutoka makao makuu kwenda kanda na kuunda timu ya ufuatiliaji ya watu wanane.” Mjumbe wa bodi anayefahamu kwamba Benki Kuu huitaka mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa ipasavyo, isizidi asilimia 5 atasimama hapo, na swali lake la kwanza kwenye usaili litakuwa kuhusu ile timu ya watu wanane. Umeshampeleka mahali unapotaka mazungumzo yawe.

Andika mistari ya namna hiyo minne au mitano kwa kila nafasi kubwa uliyoshika. Taja hali uliyoikuta, uamuzi ulioufanya wewe, na hali uliyoiacha, pamoja na ukubwa wa bajeti, idadi ya watu na matawi. Tumia takwimu zilizokwisha kuchapishwa au zisizofichua siri za mwajiri, kwa maana bodi inayosoma siri za mwajiri mwingine kwenye wasifu wako inajua kwamba kesho utaandika zake. Kurasa mbili zinatosha, tatu ni mwisho. Shule ya msingi, semina za siku mbili na michezo uipendayo viondoke. Tarehe zilizomo zifanane kabisa na zile za ukurasa wako wa LinkedIn, kwa sababu mtu atazilinganisha.

Ukimaliza, waulize watu watatu waliofanya kazi nawe, mmoja aliyekuwa juu yako, mmoja wa ngazi yako na mmoja uliyemwongoza: “Mtu akikuuliza mimi naiweza kazi gani, utamjibu nini?” Majibu yakitofautiana sana, soko nalo halijui wewe ni nani. Fanya kazi hapo kwanza, hadi upate sentensi moja ambayo wote watatu wangeikubali.

Hatua ya 3: Chora ramani ya waajiri

Andika majina ya taasisi kati ya 20 na 30 ambazo tatizo unaloliweza lipo kweli. Nyaraka za kuanzia ziko wazi. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama CRDB, NMB, Vodacom Tanzania na Twiga Cement, huchapisha taarifa za mwaka ambazo zinataja wajumbe wa bodi, kamati zake, timu ya menejimenti na hatari ambazo kampuni inazitambua. Wengi husoma kurasa za faida tu. Wewe soma barua ya mwenyekiti na sehemu ya hatari, maana huko ndiko kampuni inakoeleza, kwa lugha ya adabu, kinachoinyima usingizi.

Baada ya hapo fuatilia mabadiliko ya umiliki. Mmiliki mpya huja na mahitaji mapya ya uongozi, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Miaka ya karibuni imetupa mifano mingi: DP World ilisaini mkataba wa kuendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam Oktoba 2023, kampuni ya simu ya Tigo ikawa Yas mwaka 2024 baada ya kuingia mikononi mwa wamiliki wapya, na mwaka huo huo kampuni ya Kitanzania ya Amsons ikanunua Bamburi Cement ya Kenya. Anayesoma habari za namna hiyo kama mtafuta kazi hujiuliza nani atasimamia muunganiko, nani ataondoka, na mmiliki mpya hana mtu wa aina gani.

Eneo la tatu ni nafasi zinazoshikwa na wageni, na naona linapuuzwa mno. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeajiri mgeni awe na mpango wa mafunzo na urithishaji ili kazi hiyo hatimaye ifanywe na Mtanzania, na vibali vya kazi hutolewa kwa muda wenye ukomo. Maana yake ni kwamba kwenye kampuni nyingi za madini, mafuta na gesi, ujenzi na hoteli kuna nafasi ya ukurugenzi ambayo kila anayehusika anajua itafunguka. Mkurugenzi wa rasilimali watu wa kampuni ya namna hiyo ana sababu ya kikazi ya kukufahamu hata kama leo hana nafasi.

Hatua ya 4: Zungumza na watu, kwa utaratibu na kwa heshima

Wengi husema kazi Dar hupatikana kwa koneksheni, na husema hivyo kwa uchungu, kana kwamba koneksheni ni upendeleo peke yake. Upendeleo upo. Hata hivyo, bodi inayokabidhi taasisi ya mabilioni inataka kusikia habari za mtu kutoka kwa aliyemwona akifanya kazi wakati mambo yameharibika, na huko ni kufanya kazi yake sawasawa. Kazi yako ni kuwapa watu wanaokujua taarifa sahihi za kusema.

Panga watu katika makundi mawili. Kwanza ni wale waliofanya kazi nawe karibu: mabosi wa zamani, wakaguzi wa nje waliokukagua, mawakili, wenzako waliohamia kwingine. Pili ni wale walio jirani na maamuzi: wajumbe wa bodi, wenyeviti wa kamati za rasilimali watu, washirika waandamizi wa kampuni za ukaguzi wa hesabu. Anza na kundi la kwanza, na lipe wiki kadhaa, kwa kuwa ndilo litakalokufikisha kwa la pili. Ujumbe kwa mtu aliyekutangulia uwe mfupi na wenye adabu, kwa mfano:

“Shikamoo Mzee. Natumaini familia haijambo. Naomba nusu saa yako wiki hii au ijayo, kwa muda utakaokufaa wewe. Natafakari hatua yangu inayofuata, na kwa kuwa umewahi kuongoza kampuni iliyobadilisha wamiliki, ningependa ushauri wako kuhusu taasisi zinazopitia hali hiyo sasa. Naomba jambo hili libaki kati yetu.”

Ujumbe huo haumwombi kazi, hivyo haumweki kwenye kona. Unamweleza kwa nini yeye. Na unatunza siri. Mkikutana, msikilize zaidi ya unavyozungumza, mwonyeshe ramani yako ya waajiri, muulize umekosea wapi, na kabla ya kuaga muulize ni mtu gani mwingine ungepaswa kumwona. Siku hiyo hiyo jioni mwandikie shukrani, na ukishaonana na yule aliyekuelekeza, mrudishie habari. Watu wazima hawasahau mtu aliyerudi kusema asante, na hawamtumi tena kwa rafiki zao yule asiyerudi.

Uchague vizuri mahali pa kukutana. Mgahawa maarufu wa Masaki saa saba mchana ni kama ubao wa matangazo. Ofisi ya mwenyeji au hoteli tulivu asubuhi mapema inafaa zaidi, na tena inakuepusha na foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Kwenye misiba na kamati za harusi utakutana na nusu ya watu waliomo kwenye ramani yako. Wasalimie, washike mkono, uwape pole au pongezi, na uishie hapo. Mazungumzo ya kazi yasubiri wiki inayofuata, kwa simu.

Mikusanyiko ya kitaaluma nayo ina nafasi yake: mikutano ya NBAA kwa wahasibu, Siku ya Wahandisi inayoandaliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, shughuli za CEO Roundtable of Tanzania, Taasisi ya Sekta Binafsi na Chama cha Waajiri Tanzania, ambacho pia kina programu ya Female Future ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi na ujumbe wa bodi. Kuhudhuria tu hakutoshi. Omba kutoa mada kuhusu jambo lile lile lililomo kwenye sentensi yako moja.

Hatua ya 5: Kampuni za kusaka watendaji na nafasi za umma

Kampuni inayosaka watendaji hulipwa na mwajiri na humtumikia mwajiri. Hilo likieleweka, uhusiano unakuwa mwepesi: jitambulishe kwa mbili au tatu zinazojua sekta yako, zikiwemo baadhi ya kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zinazoendesha usaili kwa niaba ya wateja, wape wasifu wako, waambie wazi kiwango cha malipo unachokitarajia, na sema kwa maandishi kwamba wasiutume popote bila idhini yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wako katika hilo. Wasifu mmoja uliofika kwa mwajiri mmoja kupitia mawakala wawili humfanya mgombea mzuri aonekane anahangaika. Anayekuomba fedha ili akuingize kwenye orodha, mwache hapo hapo.

Nafasi za mashirika ya umma zina njia yake. Wakuu wa baadhi ya mashirika huteuliwa na Rais, wengine na waziri au bodi, kutegemea sheria iliyoanzisha shirika, kwa hiyo isome sheria hiyo kabla hujatumia muda wako. Fuatilia matangazo ya Ofisi ya Msajili wa Hazina, inayosimamia mashirika ya umma, na ya Sekretarieti ya Ajira, timiza kila sharti la tangazo kwa herufi, na kumbuka kwamba kwenye utumishi wa umma umri wa kustaafu kwa lazima kwa kawaida ni miaka 60. Mwenye miaka 57 aangalie kwanza tangazo linasema nini kuhusu umri na urefu wa mkataba.

Hatua ya 6: Usaili mbele ya bodi

Usaili wa ngazi hii mara nyingi ni wa awamu mbili au tatu, na moja yake huwa ni kuwasilisha mpango wako wa miezi ya kwanza. Wagombea wengi huleta mpango wa kubadilisha kila kitu, na bodi huwasikiliza kwa adabu tu. Mpango unaoaminika hueleza kwanza ni nini utakichunguza kabla ya kuamua, ni nani utawasikiliza, wakiwemo wafanyakazi wa mikoani na mdhibiti wa sekta, kisha hutaja maamuzi mawili au matatu ambayo yasingeweza kusubiri, pamoja na gharama yake. Jiandae kuzungumza lugha zote mbili. Slaidi zinaweza kuwa za Kiingereza, lakini mwenyekiti wa shirika la umma anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na mtendaji anayeshindwa kueleza mtiririko wa fedha kwa Kiswahili fasaha ataulizwa moyoni mwa watu atazungumzaje na wafanyakazi.

Swali la kwa nini unaondoka ulipo lijibiwe kwa sentensi mbili za kweli zisizomlaumu mtu. Kila mtu ndani ya chumba anamfahamu mwajiri wako, na wanapima utawazungumziaje wao.

Nawe uulize. Aliyetangulia aliondokaje, na bodi ilikubaliana juu ya kuondoka kwake? Ni uamuzi gani ambao bodi imegawanyika juu yake? Mtendaji mkuu anaweza kuidhinisha kiasi gani bila kurudi kwenu? Wanahisa wataleta mtaji ukihitajika? Mwenyekiti anayekerwa na maswali hayo kabla hujaajiriwa hatakuwa mwepesi baada ya kukuajiri, na nakushauri kwa dhati uliamini unaloliona siku hiyo.

Hatua ya 7: Wadhamini, vyeti na uchunguzi

Usiandike jina la mdhamini bila kumpigia. Mweleze nafasi, mtumie wasifu ule ule uliowapa waajiri, na umkumbushe mambo mawili ambayo yeye mwenyewe aliyaona. Jua pia kwamba bodi itampigia mtu ambaye hukumtaja, kwa kuwa mji ni mdogo. Kama kuna aliyegombana nawe, ieleze bodi mapema kwa maneno machache.

Kusanya vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa shahada za nje, na hati ya kiapo kama majina yanatofautiana. Uhakiki wa mwaka 2017 uliobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi umeziacha taasisi nyingi zikiwa makini, na haziangalii cheo. Kwenye benki, Benki Kuu huwachunguza na kuwaidhinisha watendaji wakuu kabla hawajashika nafasi. Kwa hiyo usiwasilishe barua ya kujiuzulu kwa sababu tu umepewa ofa; subiri idhini itoke, au hakikisha ofa inaeleza kitakachotokea isipotoka.

Hatua ya 8: Jadili ofa

Uliza kwanza kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi. Kwa viwango vinavyotumika, mshahara wa Sh20 milioni kabla ya makato, ukitoa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mapato ambayo ngazi yake ya juu ni asilimia 30, unakuachia kama Sh12.8 milioni mkononi. Wapo waliosherehekea nyongeza ambayo haikuwapo. Nyumba na gari vinaweza kukatwa kodi pia, hivyo omba hesabu kamili ya mwezi kwa maandishi.

Halafu soma sehemu ya kuachana, kwa kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko posho zote. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, yaani siku 70 tu hata ukitumikia miaka 20. Mtendaji anayeacha kazi salama ili aifufue taasisi inayoyumba anapaswa kuomba zaidi ya hapo: notisi ya miezi sita kwa pande zote, malipo maalumu endapo wamiliki watabadilika, vigezo vya bonasi vilivyoandikwa kabla ya mwaka kuanza, na kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kama ni wa muda maalumu. Omba haya yote kwa pamoja na mara moja. Kurudi na ombi jipya kila asubuhi huwachosha watu ambao utafanya nao kazi kesho.

Hatua ya 9: Ondoka vizuri

Mwambie bosi wako kabla ya mtu mwingine yeyote ofisini, ana kwa ana, ukiwa na barua mkononi. Andika makabidhiano yanayosomeka bila wewe kuwepo, rudisha vifaa na nyaraka zote, dai cheti cha utumishi ambacho ni haki yako kisheria, na uthibitishe kwamba michango yako ya NSSF imewasilishwa hadi mwezi wa mwisho. Kisha chukua orodha ya wote uliozungumza nao na uwapigie mmoja mmoja, uanze na wale ambao msaada wao haukuzaa kazi hii, uwape habari kabla hawajaisoma kwenye gazeti.